Je, wajua nani hasa huandaa Kongamano la Ekaristi Takatifu Kimataifa?

Jibu linalotoka haraka ni "Vatikani". Utalisikia nje ya kanisa baada ya Misa, na hata watu waliozoea sakristia kwa miaka mingi hulitoa bila kusita: kongamano hili ni la Papa, basi ofisi za Papa ndizo zinazolipanga, zinazoligharamia na zinazoliendesha. Kosa hili linaeleweka. Papa ndiye anayetangaza mji mwenyeji, mjumbe wake ndiye anayeongoza Misa kuu, na bendera za njano na nyeupe hupepea kila kona.

Ukweli ni mwingine. Roma ina Kamati ya Kipapa ya Makongamano ya Ekaristi Takatifu Kimataifa, yenye mizizi tangu 1879 chini ya Papa Leo XIII, na kazi yake ni ya maana sana. Lakini kamati hiyo haikodi uwanja, haichapi vitabu vya nyimbo, haitafuti vitanda vya mahujaji wala haihesabu hostia, yaani mikate midogo ya Komunyo. Mwenye shughuli ni Kanisa mahalia, yaani jimbo la mji mwenyeji chini ya askofu wake, likishirikiana na baraza la maaskofu wa nchi hiyo. Fedha nazo hutafutwa hukohuko: ada za washiriki, michango ya parokia, wafadhili.

Kosa la pili limejificha ndani ya neno lenyewe. Tukisikia "kongamano", tunawaza wajumbe wenye vitambulisho shingoni, mada, mjadala na maazimio siku ya mwisho. Hapa hakuna kura wala azimio linalomfunga mtu. Mihadhara ipo, tena mizuri, lakini hiyo ni mbolea tu, siyo shamba. Kitabu cha Kanisa cha ibada ya Ekaristi nje ya Misa, kilichotolewa mwaka 1973, kinasema waziwazi kwamba kiini na kilele cha kongamano lote ni adhimisho la Misa. Vingine vyote vinapangwa kuizunguka: maadhimisho ya Neno, katekesi, kuabudu kwa muda mrefu katika makanisa yaliyoteuliwa, na maandamano barabarani.

La tatu ni kudhani kwamba wazo lilishuka kutoka juu. Lilipanda kutoka chini. Émilie Tamisier, mwanamke mlei wa Ufaransa aliyezaliwa Tours mwaka 1834, alianza na hija za kwenda mahali palipokuwa na kumbukumbu za Ekaristi, kisha akawaandikia maaskofu mmoja baada ya mwingine bila kuchoka. Monsinyori Gaston de Ségur alimwunga mkono, Philibert Vrau, mwenye kiwanda cha nyuzi mjini Lille, akasaidia maandalizi, na Papa Leo XIII akatoa baraka. Kongamano la kwanza likafanyika Lille, Juni 1881. Kwa hiyo mpango wa kulikabidhi kila kongamano kwa wenyeji haukubuniwa na ofisi yoyote. Ndivyo mambo yalivyoanza.

Sasa, kwa nini kongamano lifanyike mji mmoja, na kwa nini watu wasafiri wakati Misa ileile ipo parokiani kwao? Jibu limo katika maneno mawili ya Kilatini: statio orbis.

Ili kuyaelewa, fikiria jumuiya ndogondogo. Alhamisi hii jumuiya inasali kwa Mama Neema. Tangu asubuhi yeye ndiye anayefagia ua, anaazima viti kwa majirani, anatandika kitambaa cheupe mezani na kuweka msalaba, mshumaa na Biblia. Paroko hakuleta kiti hata kimoja. Mwenyekiti wa jumuiya amefanya mambo machache lakini ya lazima: amehakikisha siku inajulikana, somo ni lile ambalo jumuiya zote zinasoma, na sala inafuata utaratibu wa Kanisa. Jioni nyumba inajaa. Wiki ijayo ni kwa mwingine. Jumuiya haikugeuka kuwa mali ya Mama Neema kwa sababu imekaa uani kwake, wala sala ya nyumba nyingine haikupungua thamani. Ila jioni hiyo ua ule umebeba jumuiya nzima.

Roma ya kale ilifanya vivyo hivyo. Siku fulani, hasa wakati wa Kwaresima, waamini wa mji wote waliacha makanisa yao, wakaandamana hadi kanisa moja lililotajwa na kuadhimisha Ekaristi pamoja na askofu wao. Kituo hicho kiliitwa statio. Desturi haijafa: Jumatano ya Majivu maandamano ya Papa huanzia Sant'Anselmo na kwenda Santa Sabina, juu ya kilima cha Aventino. Kabla ya kongamano la 37, Munich mwaka 1960, Josef Andreas Jungmann, Mjesuiti wa Austria na mtaalamu wa liturujia, alipendekeza picha hiyo ipanuliwe. Kama kuna kituo cha mji, kwa nini kisiwepo kituo cha ulimwengu? Ndiyo maana ya statio orbis. Jimbo moja linafungua ua wake na kuyaalika makanisa ya dunia nzima, nayo kamati ya Roma inakaa pale anapokaa mwenyekiti wa jumuiya.

Mfano huu una mahali unapokwama. Jumuiya ina zamu, makongamano hayana. Askofu mwenye nia huomba, maaskofu wenzake wa nchi humwunga mkono, Papa huamua. Ndiyo maana Dublin ilipokea mwaka 1932 na tena 2012, Budapest 1938 na 2021, na Sydney, iliyokuwa mwenyeji 1928, imepewa la 54 mwaka 2028, wakati Afrika kusini mwa Sahara imepokea mara moja tu: la 43, Nairobi, Agosti 1985, mwenyeji akiwa Kardinali Maurice Otunga. Mada ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo, na Papa Yohane Paulo II mwenyewe alifunga kwa Misa katika bustani ya Uhuru tarehe 18. Kabla ya hapo bara letu lilikuwa limeona moja, la Tunis na Carthage mwaka 1930.

Tangu mwaka 2000 pengo ni takriban miaka minne. Mara nyingi mwenyeji ajaye hutajwa siku ya kufunga, kama Cebu ya Ufilipino ilivyotajwa Dublin mwaka 2012 na Budapest ilivyotajwa Cebu mwaka 2016, lakini hiyo siyo sheria. Quito, mji mkuu wa Ekuador, ilitangazwa Machi 2021, miezi kadhaa kabla ya Budapest kufanyika, kwa sababu korona ilikuwa imelisogeza kongamano la Budapest kutoka Septemba 2020 hadi Septemba 2021.

Mji ukishachaguliwa, kazi ya kwanza ni mada. Mada huhitaji kibali cha Papa, na hapo ndipo wanateolojia wa mahali huandika andiko la msingi, kijitabu ambacho Roma hukipitia kabla hakijatafsiriwa. Quito walichukua "Udugu kwa ajili ya kuuponya ulimwengu", katika mwaka wa 150 tangu Ekuador iwekwe wakfu kwa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Andiko hilo hupelekwa kwa wajumbe wa kitaifa, mmoja kwa kila baraza la maaskofu, ambao huitwa kukutana na kamati ya kipapa kabla ya kongamano. Mjumbe wa kitaifa asipofanya kazi yake, nchi nzima hupata habari pale tu picha zinapotoka. Huo ndio mwanya mkubwa kuliko yote, na haurekebishwi wiki ya mwisho.

Kitabu cha 1973 kinadai maandalizi ya aina tatu: katekesi ya kina kuhusu Ekaristi, ushiriki hai zaidi katika liturujia, na miradi ya kugawana mali na wahitaji, kwa mfano wa Wakristo wa kwanza. Hili la tatu husahaulika haraka, ingawa ndilo linalobaki hema zikishakunjwa. Kule Cebu mwaka 2016, watoto wapatao 5,000, wengi wao maskini na wa mitaani, walipokea Komunyo ya Kwanza wakati wa kongamano. Haiwezekani kuwaandaa watoto wengi hivyo kwa mwezi mmoja. Makatekista walikuwa kazini muda mrefu kabla mgeni wa kwanza hajatua.

Wiki yenyewe hukimbia kutoka Jumapili hadi Jumapili, ikitanguliwa na siku chache za kongamano la wanateolojia. Kila siku ina masifu ya asubuhi, katekesi, ushuhuda, Misa na vikao vidogo, pamoja na tafsiri ya papo kwa papo katika lugha kadhaa. Papa hawezi kuja kila mara, hivyo humtuma kardinali kama mjumbe wake maalumu. Lourdes mwaka 1981, Yohane Paulo II akiwa bado anauguza majeraha ya risasi za Mei 13, aliyemwakilisha ni Kardinali Bernardin Gantin wa Benin.

Maandamano ya Ekaristi ndiyo sehemu inayopendwa na watu, na ndiyo inayoweza kuharibika kirahisi. Kanuni inasema yafanyike kulingana na hali ya kijamii na kidini ya mahali, na maneno hayo yana historia. London mwaka 1908, sheria ya 1829 iliyokataza ibada za Kikatoliki hadharani ilikuwa ingali vitabuni. Serikali ikaomba Sakramenti isipite barabarani. Maandamano yakafanyika bila monstransi, chombo cha kuonyeshea Sakramenti, na mjumbe wa Papa, Kardinali Vincenzo Vannutelli, akatoa baraka ya Sakramenti kutoka kwenye roshani ya Kanisa Kuu la Westminster. Tangu hapo mwandalizi makini hupata kibali cha njia kwa maandishi kabla ya kuchapa ramani, na huwa na njia ya pili fupi iwapo mvua itanyesha.

Idadi za umati wa zamani zipokelewe kwa tahadhari. Nyingi ni makadirio ya waandaaji na magazeti, na mara nyingi hakuna aliyehesabu. Kuna hesabu moja, hata hivyo, ambayo haiwezi kukadiriwa ovyo, nayo ni ya Komunyo.

Tuseme watu 60,000 watakomunika. Mhudumu mmoja, akienda kwa heshima bila kukimbia, hutumia kama sekunde 5 kwa mtu, yaani watu 12 kwa dakika. Ukitaka ugawaji umalizike ndani ya dakika 20, mhudumu mmoja atafikia watu 240. Gawa 60,000 kwa 240: wahudumu 250, kila mmoja na siborio yake, yaani chombo cha kubebea hostia. Ukipata 125 tu, Komunyo itachukua dakika 40, jua litawalemea wazee, na watu wa nyuma wataanza kuondoka kabla ya baraka ya mwisho.

Wingi wa wahudumu peke yake hautoshi, kwa kuwa umbali nao unakula dakika. Kundi lililoko mita 400 kutoka altareni linahitaji mhudumu anayetembea dakika 6 au zaidi katikati ya watu. Kwa hiyo wahudumu hupangwa mapema, kila mmoja na namba ya eneo, na kijana wa kumwongoza mwenye mwavuli mweupe au wa njano ili aonekane kutoka mbali. Mwavuli ukisimama mahali pasipo njia ya kurudi, foleni mbili hukutana uso kwa uso na ugawaji husimama. Njia ya kwenda na ya kurudi huchorwa chini kwa kamba au chokaa jana yake. Hostia zenye gluteni kidogo hutengewa kituo kimoja kinachojulikana, na hutunzwa mbali na zile za kawaida. Zisizo na gluteni kabisa haziwezi kutumika, maana mkate lazima uwe wa ngano.

Kwa divai kuna sharti lingine linalowakamata wageni wa kazi hii. Damu ya Kristo haimiminwi kutoka chombo kimoja hadi kingine baada ya mageuzo, yaani mkate na divai vikishageuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Kalisi zote za maaskofu na mapadre wanaoadhimisha pamoja hujazwa kabla, kwa idadi kamili, na ziwe za kitu kisichovunjika. Padre naye aje na barua ya utambulisho ya askofu wake, kwani katika umati wa kanzu nyeupe hakuna anayemjua kila mtu.

Kinachobaki ni kujua hostia ngapi za kuweka. Ukizidisha 50 katika kila siborio kwa hofu ya kupungukiwa, siborio 250 zitakuachia hostia 12,500 zilizogeuzwa. Hizo hazirudi kwenye pakiti. Njia nzuri ni kujaza 240 kwa kila moja na kuweka siborio chache za akiba kwa viongozi wa kila eneo, anayepungukiwa aongezwe. Misa ikiisha na watu wakiwa wanaimba kuelekea mageti, mapadre waliopangwa hupita kila kituo kukusanya siborio kwa orodha, moja kwa moja, na kuzipeleka kwa mshumaa na kengele hadi kwenye tabernakulo ya hema la karibu. Kila siborio hutiwa alama kwenye karatasi inapoingia, na hema halifungwi mpaka ya 250 ifike.