Vitiligo sugu: rangi hurudi kutoka wapi?

Nina vitiligo, ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi na kutoka mabaka meupe. Nimepaka dawa miezi miwili, mabaka ni yaleyale. Niache?

Usiache. Rangi hurudi polepole, na dalili za mwanzo mara nyingi huchukua miezi mitatu. Shika kioo, ukae penye mwanga, utazame baka kwa karibu. Ukiona vidoa vya kahawia vidogo kama ufuta vimechomoza kwenye vinyweleo, dawa imeshika. Seli mpya za rangi hutokea huko, kwenye mashina ya nywele.

Mbona usoni imerudi, vidoleni bado?

Uso umejaa vinyweleo. Ncha za vidole na midomo havina. Baka ambalo hata malaika yake yamegeuka meupe nalo huwa gumu, kwa kuwa akiba ya rangi imekwisha.

Nitumie dawa gani?

Usoni na shingoni, takrolimasi (dawa ya kupaka isiyo ya steroidi, inayotuliza kinga ya mwili kwenye ngozi) ya 0.1% mara mbili kwa siku. Mwilini daktari anaweza kukupa krimu kali ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), kama betamethasoni, mara moja kwa siku. Isizidi miezi mitatu mfululizo, la sivyo ngozi itakonda na kupata michirizi. Krimu ya urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake.

Mabaka yaliyotapakaa yanahitaji tiba ya mionzi ya UVB (mwanga wa urujuanimno wa mashine) ya nanomita 311, mara 2 au 3 kwa wiki, bila kuunganisha siku. Baka likibaki jekundu zaidi ya saa 24, mwambie mhudumu apunguze dozi. Wengi hukatia tamaa njiani. Pima matokeo baada ya miezi sita.

Mbona mabaka mapya yanafuata mikanda ya kandambili?

Ngozi ya mwenye vitiligo ikisuguliwa au kukwaruzwa huweza kupoteza rangi mahali palepale. Badili viatu, legeza na lastiki ya nguo ya ndani, maana dawa haishindani na msuguano wa kila siku.

Kupandikiza ngozi je?

Kunafaa ikiwa mwaka mzima hapajatokea baka jipya wala la zamani kupanuka. Vipande vya milimita 1 hadi 1.5 huhamishwa kutoka pajani au kwenye tako. Ugonjwa ukiwa bado unatembea, hata pale vilipotolewa huweza kugeuka peupe.

Baka langu lina ganzi.

Vitiligo haileti ganzi. Wahi kituo cha afya upimwe ukoma. Dawa zake ni za bure.