Saratani ya mlango wa kizazi: maswali yanayoulizwa kliniki

Siumwi popote. Nikapimwe nini?

Ukapimwe kwa sababu huumwi. Upimaji unaofanyika kwenye kituo cha afya hautafuti saratani iliyokomaa. Unatafuta mabadiliko ya awali kwenye mlango wa kizazi, ambayo hayaumi, hayatoi damu wala harufu. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, mabadiliko hayo huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani. Kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa, yanaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Saratani chache sana hutupatia muda mrefu namna hiyo, na wengi wetu tunaupoteza wote tukisubiri kuumwa.

Inasababishwa na nini?

Karibu mara zote ni virusi viitwavyo HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Aina zake ni nyingi, lakini aina ya 16 na 18 peke yake zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Watu wengi huambukizwa wakati fulani maishani, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Hatari ni kwa yule ambaye virusi vimeng'ang'ania mwilini mwake. Uvutaji wa sigara huongeza hatari hiyo. Kurogwa hakumo.

Nikikutwa na HPV, ina maana mume wangu ametoka nje?

Hapana, na ndoa zisivunjwe kwa kipimo hiki. Virusi hivi vinaweza kukaa kimya miaka mingi. Hakuna daktari anayeweza kukuambia viliingia lini au vilitoka kwa nani, na huenda wewe ulikuwa navyo kabla hamjajuana.

Wanapimaje? Nasikia wanamwagia siki.

Ni kweli, ila hawamwagi. Utalala kitandani umekunja magoti, muuguzi ataingiza kifaa kinachofungua uke ili auone mlango wa kizazi, kisha atapaka kwa pamba dawa ambayo ni siki nyepesi, ya asilimia 3 hadi 5. Anasubiri dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, na ile salama hubaki na rangi yake. Majibu unapewa hapo hapo kabla hujavaa viatu. Utahisi kubanwa kidogo, pengine na kuwashwa kidogo, basi. Usiende ukiwa kwenye siku zako, maana hawataona vizuri. Kama unaona aibu kuhudumiwa na mwanaume, omba muuguzi wa kike, hakuna atakayekushangaa.

Nchini Tanzania wanaolengwa zaidi ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, na ukiwa salama unarudia baada ya miaka mitatu. Anayeishi na VVU huanza mapema zaidi na hurudi mara nyingi zaidi, kwa hiyo aulize huko huko CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, anakochukulia dawa. Kwa waliokwisha koma hedhi, siki haitoshi, kwa sababu eneo linalotakiwa kuonekana huwa limerudi ndani. Hao wapimwe HPV au wachukuliwe sampuli ya kupeleka maabara.

Wakiona weupe, watanitoa kizazi?

Hapana. Mabadiliko madogo hutibiwa kwa kuchoma eneo hilo kwa kifaa cha joto au kuligandisha kwa baridi kali. Kifaa cha joto hakimalizi hata dakika moja kila kinapogusa, na pale penye kifaa unaweza kutibiwa siku ile ile. Baada ya hapo utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Pumzika tendo la ndoa kwa wiki nne, na mzee wako nyumbani aelezwe mapema. Kubeba mimba bado unaweza. Eneo likiwa kubwa, utapewa rufaa ili likatwe kwa waya wa umeme.

Binti yangu achanjwe? Wanasema chanjo inafunga uzazi.

Achanjwe. Chanjo haina kirusi hai. Ina ganda lake tu, nalo haliwezi kuambukiza wala kugusa mayai ya uzazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia kwenye dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla binti hajaanza kujamiiana. Akiwa mtu mzima bado atapimwa, kwa kuwa chanjo haizuii kila aina ya HPV.

Ikiwa ni saratani yenyewe?

Kwanza hukatwa kinyama kidogo kikapimwe. Ikiwa changa, upasuaji unaweza kutosha. Ikiwa imesambaa kwenye nyonga, matibabu ni mionzi ya nje, mionzi ya ndani na dawa za saratani kwa pamoja. Mionzi inapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki kwa takriban wiki tano, kwa hiyo anayetoka mkoani atafute mapema pa kulala mjini. Wengi hukatiza matibabu kwa sababu ya nauli na malazi, na kukatiza kunaipa saratani nafasi. Mwambie ustawi wa jamii wa hospitali hali yako tangu siku ya kwanza.

Mama ana miaka 58. Hedhi yake imerudi.

Hiyo si hedhi. Damu baada ya kukoma hedhi, damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu kali usiokoma ni dalili za kupelekwa kwa daktari wiki hii hii. Asisubiri siku ya kampeni ya upimaji, na akipewa vidonge damu ikaendelea, arudi aombe mlango wa kizazi utazamwe.