Jarida la kulipia siyo lazima liwe la kitapeli

Juzi kwenye semina ya wanafunzi wa uzamili kaka mmoja kasimama akasema kwa kujiamini kabisa, "hilo jarida la utafiti ni predatory, si wanalipisha waandishi?" na chumba kizima kikaitikia kwa vichwa. Hii sijui mara ya ngapi naisikia, mwingine akiona tovuti mbaya ni predatory, mwingine pepa yake ikikataliwa basi jarida ni predatory. Hapana jamani.

Jarida predatory kwa kifupi ni jarida linalochukua hela ya mwandishi likidai lina wahariri na wahakiki, yaani wataalamu wa kukagua pepa kabla haijachapishwa, wakati hiyo kazi haifanyiki. Basi. Kwa Kiswahili tunasema jarida la kitapeli na mtu anaelewa.

Ila neno lenyewe lina utamu wake. Predatory imetoka kwenye Kilatini, praeda, yaani nyara, mali ya kuporwa vitani. Wengi wakilisikia wanawaza simba na swala, mimi naona nyara ndiyo penyewe, maana hawa jamaa hawakuli ukaisha, wanakuteka. Rafiki yangu alipata imeili inamwita profesa mheshimiwa, yeye hata masta hajamaliza, anatafiti mihogo na jarida lenyewe ni la afya ya meno, lakini tarehe ya kuhitimu ilikuwa inamkimbiza akatuma tu. Siku mbili, imekubaliwa! Maoni ya mhakiki mstari mmoja, badilisha ukubwa wa herufi, na invoisi chini yake. Aliposhtuka akaomba kuitoa wakamwambia sawa, lipa ada ya kuitoa, hakulipa, wakaiweka mtandaoni hivyo hivyo. Na pepa ikishatoka huko jarida la maana haliipokei tena maana ishachapishwa, so misimu miwili ya kuhesabu mihogo juani imekaa mikononi mwa watu asiowajua. Hiyo ndiyo nyara.

Aliyelivumisha hilo jina ni Jeffrey Beall, mkutubi wa University of Colorado Denver kule Marekani, kuanzia kama 2010 hivi, akawa na orodha yake ya wachapishaji wa kutilia shaka mpaka alipoiondoa Januari 2017. Imesaidia watu wengi sikatai, lakini ilikuwa inaangalia majarida huria tu, yale ambayo msomaji anasoma bure na mara nyingi mwandishi ndiye anayelipia, na Beall mwenyewe hakuwa mpenzi wa mfumo huo. Nadhani mkanganyiko wetu ulianzia hapohapo, huria na ya kulipia na ya kitapeli vikatiwa chungu kimoja.

Sasa angalia alichofanya mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon, mwaka 2013, kwenye jarida la Science. Akatunga pepa ya uongo kuhusu dawa ya kansa, yenye makosa ambayo mhakiki yeyote aliye macho angeyaona, akajifanya mtafiti wa taasisi za Afrika ambazo hazipo, mojawapo eti iko Asmara, akaituma kwenye majarida huria 304. 157 wakaikubali. Lakini jarida la PLOS ONE, ambalo linalipisha tena hela ndefu, likaikagua vizuri na kuikataa, na kati ya walioikubali kulikuwa na majarida yaliyo chini ya wachapishaji wenye majina makubwa kama Elsevier na Sage. Kwa hiyo ada haikuambii kitu hapo, na jina kubwa nalo halitoshi.

Halafu kuna hii ya "lina ISSN bwana, ni halali". ISSN, ile namba ya utambulisho ya jarida, ni kama pleti namba, inatuambia gari ni lipi, haisemi dereva ana leseni. Afadhali uangalie kama jarida limo DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria yaliyokaguliwa, au AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kwa haya ya kwetu, usome pepa mbili tatu walizotoa uone kama kweli kuna mtu alizihariri, halafu umwandikie mmoja wa bodi ya wahariri umuulize kama anajua jina lake liko pale. Usicheke, kuna watafiti wa Poland mwaka 2015 walimbuni msomi asiyekuwepo, Anna O. Szust (oszust kwa Kipolandi ni tapeli), wakamwombea uhariri kwenye majarida 360 na 48 yakampa! Na mkutubi wa chuo muulizeni, sijui kwa nini tunamwogopa.

Jarida dogo la idara, tovuti nzito, mhariri anajibu baada ya miezi minane, hilo ni jarida lisilo na hela. Linachosha kweli, ila anayekuchelewesha hivyo mara nyingi anahangaika kutafuta wahakiki, na tapeli hana wahakiki wa kutafuta.

So kaka wa semina, sikukusahihisha mbele za watu ila lile jarida ulilolitaja nimeliangalia jioni ile, limo DOAJ, bodi yake ni watu wanaojulikana. Ni la kulipia tu. Na wachapishaji wengi wa hivyo wanasamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, omba wakati unatuma pepa, maana wengine ukisubiri mpaka ikubaliwe hawakusikilizi tena.