"Nimeshuka, Kwa Hiyo Nimeongeza Mazoezi"

Majuma mawili yaliyopita aliingia kijana mwingine kwenye chumba changu cha tiba hapa Malindi, akichechemea, na maneno ni yale yale: "Daktari, kasi yangu imeshuka, kwa hiyo nimeongeza mazoezi." Huogelea na kukimbia pale ufukwe wa Silversands. Anakimbia alfajiri maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana, na jioni anarudia. Analala saa 5 usiku, saa 10 na nusu yuko macho. Nikafungua daftari lake. Mwezi uliotangulia moyo wake ulidunda mara 52 kwa dakika kabla hajainuka kitandani. Sasa 66, dalili ya mwili uliochoka.

Nimechoka kulisikia neno hilo, maana ndilo linalowamaliza vijana wetu. Mazoezi peke yake hayajengi misuli. Huichosha na kuichanachana, na mwili hujijenga upya ukilala na ukila. Anayeongeza mazoezi juu ya mwili uliochoka anabomoa kabla ya tofali la jana kukauka. Tena kwetu pwani kuna malaria na upungufu wa damu, na vyote viwili humshusha mkimbiaji kabla hajajiona mgonjwa. Pima damu kwanza, programu utaibadilisha baadaye!

Mfano ninaoupenda ni wa wanabayathloni, wale wanaoteleza kwa ski kwenye theluji wakiwa na bunduki mgongoni na kupiga shabaha njiani. Darya Domracheva wa Belarusi alitwaa dhahabu 3 za Olimpiki kule Sochi mwaka 2014, na msimu wa 2014/15 akachukua Kombe la Dunia kwa jumla. Kisha akapatwa na ugonjwa wa virusi, ule unaovimbisha tezi na kumwacha mtu hoi kwa miezi. Hakukazana nao. Msimu wote wa 2015/16 alikaa nje, akajifungua mtoto, akarudi mwaka 2017. Mwaka 2018, Olimpiki ya Pyeongchang, alipata dhahabu ya kupokezana na fedha moja. Martin Fourcade wa Ufaransa naye alibeba kombe la jumla misimu 7 mfululizo, uliofuata akaanguka hadi nafasi ya 12, na akaufunga mapema. Msimu wa 2019/20 alilikosa kombe kwa pointi 2 tu.

Wapo wanaosema kukosa shabaha ni bahati mbaya. Hapana. Mchezaji anafika kwenye shabaha akihema, moyo unapiga mbio, naye anatakiwa apige duara la milimita 115 akiwa amesimama, au 45 akiwa amelala, umbali wa mita 50. Katika mashindano mengi kila risasi inayokosa humpeleka mzunguko wa adhabu wa mita 150. Uchovu wa miguu hujionyesha kwenye kidole, ndiyo maana mtu aliyekuwa wa kwanza jana leo yuko wa 30.

Wengine huniambia, "Ukipita miaka 30 umekwisha." Mbona mwanabayathloni Ole Einar Bjørndalen wa Norwei alishinda mbio fupi za Sochi siku chache baada ya kutimiza 40? Miaka 4 baadaye hakufuzu, na hilo nalo ni kweli.

Na wale wanaosema mtu ameshuka kwa kijicho: siingilii imani ya mtu. Ila mzazi anayempeleka mwanawe kuzinguliwa, nampa sharti moja, apitie maabara njiani.

Ninachomlazimisha kila anayekuja kwangu ni daftari. Kila asubuhi, mgongo ungali kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo dakika nzima, andika. Yakizidi kawaida yako kwa mapigo 7 au 8 siku 3 mfululizo, usikimbie.

Yule kijana nilimpa siku 10 bila viatu vya kukimbilia, na vipimo vyake vya damu vikatoka safi. Aliniangalia kama nimemfungia jela. Mama yake, aliyekuwa amekaa kando, akaniambia, "Niachie mimi, viatu nitavificha." Leo alfajiri nimepata ujumbe wenye tarakimu tu: 54.