Jumuiya ya ujifunzaji: dakika 90 za walimu kabla ya 2027

Mwaka 2027 shule zetu za msingi zitaaga madarasa mawili kwa mpigo. Darasa la VII litamaliza kwa mtaala wa zamani, na Darasa la VI litamaliza kwa mtaala mpya, kwa kuwa waliokuwa Darasa la III mwaka 2024 ndio walioanza nao. Wote watabisha hodi Kidato cha Kwanza mwaka 2028. Kuanzia Kibosho na Marangu hadi Usa River na Longido, mtu akitaja 2027 mbele ya walimu, kinachofuata ni hesabu ya madawati na vyumba vya madarasa, na ni haki yao. Ila lipo jambo ambalo halisubiri bajeti. Mwalimu yule yule, pengine asubuhi ile ile, atatoka Darasa la VII na muhtasari wa somo wa zamani mkononi na kuingia Darasa la VI lenye muhtasari mpya. Asipopata mahali pa kuichambua tofauti hiyo na wenzake, atafundisha mtaala wa zamani kwa kitabu kipya, na hakuna atakayegundua mpaka watoto watakapopimwa.

Mahali hapo papo tayari. Ni jumuiya ya ujifunzaji ya shule, kundi la walimu wanaojifunza pamoja, chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Shule nyingi zina mratibu wake, zina ratiba ukutani, na zina faili lenye orodha ya mahudhurio. Kinachokosekana mara nyingi ni kikao chenyewe.

Kwanza tuweke sawa kilichobadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ilizinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, na inaweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Katika madarasa ya juu ya msingi, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili na Stadi za Kazi hazimo tena kwa majina hayo. Mwalimu sasa anakutana na Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, na Sanaa na Michezo. Kiingereza kinaanza Darasa la I. Majina ni rahisi kuyazoea. Kigumu ni namna muhtasari ulivyopangwa: unaanza na umahiri mkuu, unashuka kwenye umahiri mahususi, kisha shughuli za kujifunza, mbinu, vigezo vya upimaji, rasilimali na idadi ya vipindi.

Safu ya vigezo vya upimaji ndiyo walimu wengi wanairuka, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Andalio la somo, yaani mpango wa kipindi, likisema "wanafunzi waelewe sehemu", hakuna anayeweza kuona kuelewa. Kigezo kikisema mwanafunzi "analinganisha theluthi na robo kwa usahihi", mwalimu anajua atazame nini, dakika gani, kwenye daftari la nani. Anayenakili andalio la miaka iliyopita na kubadilisha vichwa vya safu tu hupoteza kitu hicho kimoja, na kwa kukipoteza hicho ameupoteza mtaala mzima.

Sasa kikao. Dakika 90, walau mara mbili kwa mwezi, siku ambayo si ya mnada wala ya kufunga mahesabu ya shule. Walimu watano hadi wanane wanatosha. Shule yenye walimu ishirini igawanyike katika makundi matatu, maana kundi kubwa huzaa hotuba. Shule yenye walimu watatu tu, na zipo kule Longido na Ngorongoro, ijiunge na jirani au ikutane kwenye kituo cha walimu cha kata. Kila mmoja aje na muhtasari, kitabu cha kiada na madaftari kumi ya wanafunzi wake, yaliyokusanywa bila kuchagua: kila daftari la tano au la nane kwenye rundo, kulingana na ukubwa wa darasa. Ukichagua mwenyewe utachagua yaliyo safi, na yaliyo safi hayana la kukufundisha.

Dakika 20 za mwanzo ni za madaftari. Yapangeni mafungu matatu kwa swali moja tu: waliopata, waliokosa kwa njia inayofanana, na waliokosa kwa njia ambayo hamwielewi mtoto alifikiri nini. Fungu la pili ndilo linalozaa somo. Tuseme watoto sita kati ya kumi wameandika kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi. Hawakubahatisha. Wameona 4 ni kubwa kuliko 3, wakahamisha sheria ya namba nzima kwenye sehemu. Kuwaambia "namba ya chini ikiwa kubwa sehemu ni ndogo" huwapa sheria ya kukariri juu ya kosa ambalo bado limekaa pale pale. Wiki mbili baadaye litarudi.

Dakika 35 zinazofuata, kundi zima liandae somo moja dhidi ya kosa hilo. Kwa mfano huu, zana haina gharama. Chukua karatasi za mitihani ya zamani za A4, kata vipande vya upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 24. Karatasi moja hutoa vipande saba. Urefu wa 24 una sababu yake: nusu ni 12, theluthi ni 8, robo ni 6, sudusi ni 4, zote namba kamili ambazo mtoto anaweza kuzipima kwa rula. Ukikata kipande cha 30 robo inakuwa 7.5, na kipindi kinageuka kuwa cha desimali. Darasa la watoto 80 wakikaa wawili wawili ni jozi 40. Kila jozi ipate vipande vinne, kimoja kibaki kizima na vitatu vigawanywe. Hivyo ni vipande 160, yaani karatasi 23. Mwalimu mmoja atavikata kwa jioni moja, au wanafunzi wenyewe wavikate katika kipindi cha Sanaa na Michezo.

Hapa pana mtego. Theluthi haikunjiki kwa urahisi kama nusu na robo. Watoto wakiambiwa wakunje bila kupima, vipande vitatu vitatoka visivyolingana, na theluthi nyingine itakuwa fupi kuliko robo. Mtoto atakuwa ameona kwa macho yake jambo lisilo kweli. Basi wapime sentimita 8, waweke alama, ndipo wakate. Kabla ya kukata, waulizwe: watu watatu wakigawana mche mmoja wa sabuni, na watu wanne wakigawana mche mwingine kama huo, nani anaondoka na kipande kikubwa? Majibu yaandikwe ubaoni pamoja na yaliyokosewa, yasifutwe. Baada ya kuvilaza vipande kimoja juu ya kingine, watoto wenyewe watarudi kwenye ubao kusahihisha.

Katika dakika 20 zinazofuata, kubalianeni nani atafundisha na wengine watatazama nini. Anayetazama asimtazame mwalimu. Aketi pembeni akiwatazama wanafunzi sita waliochaguliwa kabla, wawili mbele, wawili katikati, wawili nyuma, wasichana watatu na wavulana watatu, na aandike wanachosema na wanachofanya, bila hukumu. "Msichana wa nyuma amepima kuanzia 1 badala ya 0" ni maandishi yenye manufaa. "Mwalimu amejitahidi" hayana. Tofauti hii ni kubwa kwetu, kwa sababu kutazamwa darasani kumezoeleka kuwa ni kukaguliwa, na mwalimu anayehisi anakaguliwa huonyesha somo alilokwisha kulifundisha jana. Mkuu wa shule akihudhuria, aje na kalamu kama wenzake, na alichokiona siku hiyo kisiingie kwenye barua yoyote.

Dakika 15 zilizobaki ni za kurudi kwenye somo la kikao kilichopita: lilifundishwa, watoto sita walifanya nini, kipi kibadilishwe. Kikao kisichorudi nyuma ni semina tu. Huishia pale pale mlangoni.

Yanayoharibu vikao yanajulikana. La kwanza ni matangazo ya shule kumeza muda. Michango, mitihani ya ujirani mwema na maandalizi ya Mwenge yana kikao chake cha walimu. La pili ni kusoma moduli, yaani vitabu vya mafunzo ya walimu, kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania ni nzuri na zinapatikana kwenye mfumo wao wa kujifunzia, lakini zisomwe nyumbani au kwa simu kabla ya kikao, kisha mje na swali moja linalogusa darasa lenu. La tatu ni picha za pamoja na saini kuwa ndiyo ushahidi. Ushahidi ni andalio lililosahihishwa kwa kalamu ya rangi nyingine.

Kiingereza cha Darasa la I kinastahili vikao vyake. Walimu wengi wa madarasa ya chini hawakuandaliwa kukifundisha, na si kosa lao. Mtoto wa Darasa la I yumo katikati ya kujifunza kusoma kwa Kiswahili, ambako kila irabu ina sauti moja isiyobadilika. Ukimletea maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa wiki hizo hizo, atasoma "cup" kwa u ya "kuku", kisha atachanganyikiwa pande zote mbili. Kwa mtoto wa Longido ambaye nyumbani ni Kimaasai, au wa Rombo aliyelelewa na bibi kwa Kichaga, hiyo ni lugha ya tatu. Anza na kusikia na kusema: salamu, amri za darasani, majina ya vitu vinavyoshikika, nyimbo fupi. Kwenye jumuiya, walimu warekodi kwa simu maelekezo kumi wanayotumia kila siku, wasikilizane, wasahihishane matamshi kabla ya watoto kuyachukua. Mwalimu wa Kiingereza wa madarasa ya juu awe ndiye msikilizaji. Aibu ya dakika kumi mbele ya wenzako inaokoa miaka sita ya matamshi ya mtoto.

Kuhusu Darasa la VI la 2027, onyo moja la wazi: mitihani ya miaka iliyopita ya Darasa la VII isigeuzwe mazoezi yao. Imetungwa kwa muhtasari mwingine. Jumuiya itunge maswali yake kwa kufuata vigezo vya upimaji vya muhtasari mpya, matano kwa kila umahiri mahususi, na yajaribiwe darasani kabla ya kuwekwa kwenye benki ya maswali ya shule. Vitabu vya mitaala miwili vikae kabati tofauti, vikiwa na alama ya rangi kwenye mgongo. Ni jambo dogo, lakini vitabu vinavyokaa kabati moja huchanganyikana ndani ya muhula mmoja.

Kazi hii ionekane pia kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS. Walimu wengi huandika "kufundisha Hisabati" kama jukumu la mwaka mzima, kisha wakabaki bila cha kuripoti. Andika jukumu linalohesabika, kwa mfano kuandaa na kufundisha masomo manane yaliyopangwa na jumuiya, na ujaze utekelezaji kila linapokamilika. Mtandao ukikatika, andika kwanza kwenye daftari: tarehe, darasa, umahiri mahususi, kosa lililolengwa, wangapi walipata kabla na wangapi baada. Mistari mitano kwa somo. Ukisubiri Desemba utajaza kwa kumbukumbu, na msimamizi wako ataidhinisha kwa kumbukumbu.

Na pale mafungu ya madaftari yanapoonyesha mtoto yule yule kwenye fungu la tatu vikao vitatu mfululizo, msimwongezee mazoezi. Mhamishieni mbele, mpimeni kama anaona ubao kutoka mita tatu na sita, semeni naye kwa sauti ya kawaida mkiwa nyuma yake muone kama anasikia, kisha mwiteni mzazi. Mkoa wa Arusha una Chuo cha Ualimu Patandi, wilayani Arumeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu; pitieni kwa Afisa Elimu Kata kuomba ushauri wa mtaalamu, mkiwa na daftari la mtoto na maandishi ya vikao vyote vitatu mkononi.