Kabla hujaongeza miunganisho, uliza nani ameishikilia

Jumatatu ya kufungua shule, saa mbili na nusu asubuhi, mhasibu wa shule moja nje kidogo ya Kisumu, inayotumia mtambo wetu wa kupokea malipo ya wazazi kwa simu, alinipigia. "Kijana wangu, mtambo wenu umelala. Wazazi wamejaa hapa dirishani." Nikafungua logi za seva: kila ombi linangoja sekunde 30, kisha linakufa. Ajabu ni kwamba mashine ya hifadhidata yenyewe ilikuwa imetulia tuli, haina kazi. Hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Kufungua muunganisho mpya kati ya programu na PostgreSQL, hifadhidata tunayotumia, ni gharama: seva huanzisha mchakato mzima kwa ajili yako, hukagua nenosiri, hutenga nafasi kwenye RAM. Ndiyo maana programu huweka akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa na kuiazimisha. Ni kama mwenye mikokoteni ya kukodisha pale soko la Kibuye: unachukua mmoja, unabeba mzigo, unarudisha, mwingine anachukua.

Akiba hiyo kwetu inasimamiwa na SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuzungumza na hifadhidata. Usipoigusa, hukupa miunganisho 5 ya kudumu na 10 ya dharura, na anayekosa husubiri sekunde 30. Wengi husahau kwamba akiba hiyo ni ya kila mchakato, si ya programu nzima. Sisi tulikuwa na michakato 4, kwa hiyo 60. Nikafanya anachofanya kila mtu mwenye haraka: nikapandisha 5 ikawa 20. Sasa piga hesabu. 20 na 10 ni 30, mara 4 ni 120. PostgreSQL isipobadilishwa hukubali 100, na 3 kati ya hiyo imewekewa msimamizi. Punde si punde hata skripti yetu ya ripoti, isiyohusika kabisa, ikafukuzwa mlangoni kwamba wateja wamejaa.

Ndipo nikafungua pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL inayoonyesha kila muunganisho unafanya nini, mahali nilipopaswa kuanzia. Mstari baada ya mstari, hali ni ile ile: "idle in transaction". Muamala, yaani kundi la hatua zinazokamilika pamoja au zisikamilike kabisa, uko wazi na hakuna anayeuliza chochote; na ukiwa wazi, muunganisho wake haurudi kwenye akiba. Mikokoteni yote imekodishwa, na waliokodi wamekaa kibandani wanakunywa chai.

Aliyeandika msimbo ule ni mimi. Ulikuwa unafungua muamala, unaandika safu ya malipo, unatuma ombi kwenye simu ya mzazi, kisha unazunguka kila sekunde 2 kuuliza kama ameshaweka namba ya siri. Akishaweka, ndipo muamala unafungwa. Mzazi naye anatafuta miwani, anamwita kijana amsomee ujumbe, sekunde 20 zimekwisha.

Miunganisho unayohitaji ni idadi ya maombi kwa sekunde, mara sekunde ambazo kila ombi linashikilia muunganisho. Maombi 10 kwa sekunde yakishikilia kwa sekunde 20 yanataka miunganisho 200. Maombi yale yale yakishikilia kwa milisekunde 20, yanataka 0.2. Mmoja unatosha na kubaki!

Kwa hiyo nilivunja kazi ile vipande viwili. Andika safu yenye hali "inasubiri", funga muamala, rudisha muunganisho, ndipo utume ombi kwenye simu. Jibu la malipo likirudi lenyewe, fungua muamala mwingine mfupi, badilisha hali, funga. Kati ya hapo mzazi atafute miwani hata nusu saa, hifadhidata haina habari naye.

Akiba niliirudisha 5. (Kuna watakaoniambia niweke PgBouncer mbele, programu ya kugawana miunganisho michache kwa wateja wengi. Ni kifaa kizuri, ila muamala unaoshikiliwa ovyo huishikilia PgBouncer vilevile.) Nikaongeza idle_in_transaction_session_timeout, kikomo cha muda wa muamala uliokaa bure, ya sekunde 10, kwa sababu PostgreSQL huiacha 0, yaani haimkatii mtu. Tangu hapo imeshanikatia mimi mwenyewe mara mbili, zote nikijaribu kipengele kipya kwenye mashine yangu.