Kirumbizi kwenye hifadhidata: anza na ncha ya fimbo

Mcheza kirumbizi, ngoma ya fimbo ya Lamu, akirekodiwa mwendo wa viungo 24, fremu (picha) 120 kwa sekunde, kila sekunde huzaa vipimo 2,880. Wengi hukipa kila kipimo mstari wake kwenye jedwali. Zumari likilia dakika 10, mistari ni 1,728,000, na katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kila mstari hubeba kichwa cha baiti 23 kabla hujaandika mkono uko wapi. Mimi hukata mwendo vipande vya sekunde moja: mstari mmoja una namba ya rekodi, wakati wa kuanza, na fremu 120 zilizofungwa pamoja kwa aina ya bytea, yaani baiti tupu. Indeksi ni ya namba na wakati, basi.

Mifupa hairefuki katikati ya ngoma. Urefu wake andika mara moja, kisha hifadhi mizunguko ya viungo na mahali pa nyonga. Mizunguko iwe kwaternioni, yaani namba nne zinazoeleza mzunguko mmoja. Pembe tatu za faili za BVH, aina ya faili za kuhifadhia mwendo, zina balaa lake: kuna mikao ambayo mihimili miwili hulaliana, na bega likaruka ghafla.

Miraba ya namba nne za kwaternioni hujumlika kuwa 1, kwa hiyo iliyo kubwa kuliko zote hutupwa, ikakokotolewa tena wakati wa kusoma. Zilizobaki hazivuki 0.7071 kwa upande wowote. Zipe biti 15 kila moja, na biti 2 za kutaja iliyotupwa: baiti 6 badala ya 16. Kama inayotupwa ni hasi, geuza kwanza alama za zote nne, maana mzunguko ni uleule. Ukisahau, kiwiko kitakunjika kinyume.

Biti 10 zingetosha kwa mtu anayetembea. Kwa kirumbizi, hapana. Kosa hupanda kutoka mgongoni hadi begani, kiwiko, kiganja, kisha fimbo hulirefusha. Kosa la nyuzi 0.5 begani husogeza ncha iliyo mita 1.5 mbali kwa milimita 13; pigo lililokingwa huonekana limepenya fimbo ya mwenzake. Ndiyo maana ncha zote mbili za fimbo nazihifadhi kivyake, kama mahali. Jumla ni baiti 180 kwa fremu, karibu MB 13 kwa dakika 10 za mchezaji mmoja.

Nyonga usiibane. Ikipungua usahihi, nyayo huteleza chini kama zimepakwa mafuta.